Kuinua Gari la Ndugu Yangu

Figo za mama yangu zilipokataa kazi, gari langu nalo likakataa. Injini ilikufa nikitoka Ahero, ikafuka moshi mweupe, na fundi aliyeifungua alitikisa kichwa tu. Nililiuza kama chuma chakavu. Uani kwangu Nyamasaria likabaki gari moja, na halikuwa langu.

Lilikuwa la ndugu yangu, kitinda mimba wetu, ambaye alikwenda kufanya kazi Uarabuni na kuliacha kwangu chini ya turubai. Gari la michezo, la milango miwili, rangi ya buluu, lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika. Alipokuwa bado nyumbani alilipenda kama mtu anavyompenda mchumba. Alikata springi ili likae chini. Alilifungia rimu kubwa za kung'aa zenye tairi nyembamba kama chapati. Mbele alilibandikia bampa lenye mdomo mrefu, pembeni akaliongezea mabamba ya chini ya milango ambayo mafundi wanayaita sketi, na nyuma akaliwekea bawa. Lilikuwa chini kiasi kwamba hata kuku wa jirani walishindwa kujificha jua chini yake.

Mama alikuwa anaishi mbele ya Kisian, kwenye barabara ya Bondo, halafu unakata kushoto unashuka njia ya udongo kuelekea ziwani. Hakutaka kuhamia kwangu. Alisema mjane hafungi nyumba ya mumewe kwa sababu ya figo. Kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi nilitoka Nyamasaria alfajiri, nikavuka mji mzima, nikamchukua, nikamrudisha mjini hospitalini kusafishwa damu kwa mashine, nikakimbia shuleni kufundisha vipindi vilivyobaki, nikarudi kumchukua, nikampeleka nyumbani. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Mwaka ule nilichora figo ubaoni mara nyingi, na kila nilipofika kwenye mishale ya damu chafu na damu safi nilitamani kuketi.

Siku ya kwanza nilipokwenda na gari la ndugu yangu, njia ya udongo ilinishinda. Nililiacha kwenye lami, nikamtuma mtu wa bodaboda amlete. Mama alishuka kwenye pikipiki polepole, akasimama na kulitazama.

"Hiki ni nini?"

"Gari la mtoto wako, Mama."

"Lile lako liko wapi?"

"Lilikufa."

"Na hili, limelala?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Kuingia kulikuwa kama kukaa kwenye kigoda cha jikoni, ila kigoda kina nafasi ya miguu. Alishika mlango, akashika bega langu, akajiachilia, akaanguka kwenye kiti na kutoa pumzi yote. Kila tuta la barabarani lilikwangua tumbo la gari, kroo, na kila lilipokwangua mama alisema, "Mos," pole kwa Kijaluo. Sikujua alikuwa analiambia gari, au ananiambia mimi, au anauambia mgongo wake.

Tulipofika hospitalini hakuweza kutoka. Nilimvuta, mkono wake ukaniteleza. Walinzi wawili wa lango wakaja, wakamshika makwapani, wakamnyanyua kama gunia. Rinda lake likanaswa na ile sketi ya gari, likapanda hadi juu ya magoti, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Mama yangu, ambaye hata sisi watoto wake hatukuwahi kumwona bila leso kiunoni. Alivuta nguo yake chini, akawashukuru walinzi, akaingia ndani bila kunitazama. Jioni nilipomrudisha hakusema neno mpaka Kisian, na hata hapo alichosema ni kwamba nimwangalie mbuzi barabarani.

Usiku ule sikufikiria sana. Kununua gari jingine ilikuwa ndoto, nikiwa na wanangu wawili chuoni. Kukodi teksi mara mbili kwa wiki, mwendo ule wote, kungenimaliza kabla ya muhula kwisha. Kilichokuwepo ni gari lile. Asubuhi nilimpigia ndugu yangu simu.

"Nataka kuliinua gari lako," nikamwambia.

"Kuliinua vipi?"

"Lirudi juu. Springi, rimu, bampa. Mama hawezi kuingia."

Nyuma yake nilisikia honi na watu wakiongea lugha nisiyoijua. "Sista, zile rimu nilizinunua na mshahara wangu wa kwanza."

"Najua."

"Si kuna njia nyingine?"

"Kama ipo niambie, nimechoka kuitafuta."

"Fanya unavyoona." Aliisema kwa sauti ya mtu aliyeombwa figo, na mimi nilikata simu haraka kabla hajabadili mawazo.

Fundi nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Alikuwa na gereji ya wazi upande wa Kaloleni, ua wenye mwarobaini mmoja na magamba ya magari yaliyokatwa nusu. Alikuwa mtu wa mjini hasa, Mwislamu mnene mwenye ndevu za hina, ambaye babu yake alikuja na reli kutoka pwani na bibi yake alikuwa Mjaluo wa Kano. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, Kijaluo chake kizuri zaidi. Aliyapenda magari ya michezo kupita kiasi. Alilizunguka lile la ndugu yangu akilipapasa, akipiga goti kutazama chini.

"Mwalimu, gari hii imetengenezwa na mtu mwenye moyo," akasema. "Ikae chini kidogo zaidi, tuweke rangi nyeusi juu ya paa..."

"Nataka uiinue."

Akainuka. "Watu huniletea gari niteremshe. Hakuna mtu ameniletea ya kuinua."

"Basi mimi ndiye wa kwanza."

"Hii ni gari ya kulala barabarani. Ukiinua inakuwa kitu gani? Kuku wa kizungu."

Sikumwambia habari za mama. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kila mtu. Nilimwambia nina pesa kidogo na sina muda, na vitu vya zamani nitakavyovitoa vilipie vipya kadiri inavyowezekana. Hilo alilielewa mara moja. Mafundi wa Kisumu hawaogopi neno "kidogo". Wanaogopa neno "baadaye".

Rimu hazikusumbua. Mwenye duka la simu fulani alikuwa na gari la namna ileile, bado lina rimu za kiwandani na tairi nene zenye meno mazuri. Alizitaka zile za kung'aa. Tulikutana pale gerejini Jumamosi moja, magari mawili yakapandishwa jeki, magurudumu yakabadilishana kama wasichana wanaobadilishana viatu. Yeye akaondoka anang'aa. Langu likabaki na rimu ndogo za kijivu, tairi zimejaa mpira, na hata kabla ya kuguswa springi lilikuwa tayari limepanda kidogo. Nilipiga picha, nikaituma Uarabuni. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu: "Sawa."

Mdomo wa bampa aliukata kwa msumeno, pale ulipopasuka na kushonwa kwa waya, kisha akaziba kwa faiba na kupaka rangi ya buluu iliyokaribiana na ile ya zamani. Haikufanana. Kwenye jua ungeona mstari, kama kovu la upasuaji. Zile sketi za pembeni alizing'oa kwa huzuni. Akaziegemeza ukutani, akasema atanitafutia mnunuzi, na alimtafuta kweli.

Springi ndizo zilizotutesa. Alinunua jozi mbili za mtumba, akaniambia ni zenyewe. Nilikuja kulichukua gari Jumapili mchana, nikakuta nyuma imepanda juu na mbele imeinama, kama mbuzi anayekunywa maji mtoni.

"Zitakaa," alisema. "Zikizoea mzigo zitashuka."

Jumatatu mama alipoliona alilitazama muda. "Leo linataka kuchimba," akasema. Nilipokanyaga breki kwenye mzunguko wa mjini, aliteleza mbele hadi mkanda ukamkaza shingoni. Alhamisi ilikuwa vilevile. Jumatatu iliyofuata ilikuwa vilevile. Springi hazikuzoea mzigo. Mama yangu alikuwa amekonda, hakuwa mzigo wa kuzoewa.

Nilirudi gerejini nimejiandaa kugombana. Fundi alianza kueleza: springi za nyuma zilitoka kwenye gari zito, sawa, lakini mtu akiweka tofali kwenye buti...

"Tofali?" nikasema.

"Moja au mawili tu, Mwalimu."

Nilifungua mdomo nimjibu, machozi yakatoka badala ya maneno. Sikulia kwa ajili ya springi. Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo, nimesahihisha mitihani nikiwa kwenye benchi la hospitali, nimekula mandazi na kuyaita chakula cha mchana, na sasa mtu ananiambia habari za tofali. Nililia nimesimama, mkoba begani, kati ya magamba ya magari. Fundi hakunigusa wala hakusema nyamaza. Aliingiza mkono chini ya meza yake ya kazi, akatoa kiti cha plastiki, akakifuta kwa kanzu yake mwenyewe, akakiweka kivulini.

Nilipotulia akauliza, "Mwalimu, ni nani anaumwa?"

Nikamweleza. Walinzi, rinda, foleni, yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Ungeniambia," akasema mwishowe. "Mimi nilidhani ni mambo ya mume na mke. Mtu akimkasirikia mwenzake analiharibu gari lake. Nimeona sana."

Tulicheka wote wawili, na kucheka kule kulinichosha kuliko kulia.

Alitafuta mwenyewe gari lililopinduka la kufanana na letu, akalipata limeoza nyuma ya gereji moja ya Mamboleo, akang'oa springi zote nne na shokabzoba ambazo bado zilikuwa na mafuta. Safari hii gari likasimama sawa, juu, kama lilivyozaliwa. Halafu akafanya mambo ambayo sikuyaomba. Alikifungua kiti cha abiria, akakiweka juu ya vipande vya chuma ili kiinuke karibu na usawa wa goti. Akachukua mkanda wa gari bovu, akaushona kitanzi, akaufunga juu ya mlango kwa ndani ili mtu aushike na kujivuta. Alipotaka kulitoa lile bawa la nyuma, akisema sasa limebaki kama kofia ya harusi kwa mtu aliyevaa gumboti, nilimwambia aliache kwanza, nitaamua baadaye.

Mama ndiye aliyeamua. Alhamisi ile niliweza kushuka na gari mpaka mlangoni kwake, kwa mara ya kwanza. Alitoka akiwa na leso yake na mkoba wake mdogo. Kabla ya kuzunguka upande wake alisimama nyuma ya gari, akaliegemea bawa kwa mikono miwili, akapumua mpaka pumzi zikamrudia. Bawa lilikuwa kwenye kimo kilichomfaa kabisa. Baada ya hapo alifanya hivyo kila safari, kwenda na kurudi. Kisha alishika kile kitanzi, akajivuta, akaketi. "Ero kamano," akasema. Asante. Nayo sikujua alikuwa anamwambia nani.

Picha ya mwisho nilipoituma, ndugu yangu alipiga simu badala ya kuandika.

"Inakaa kama gari ya mwalimu," akasema.

"Ni gari ya mwalimu."

"Angalau umeacha wing."

"Mama anaitumia."

"Anaitumia kufanya nini?"

Nilipomwambia alikohoa, akasema anaitwa kazini.

Tukaendelea hivyo kwa miezi. Gari halikukwangua tena. Uchovu nao haukupungua, kwa maana springi hazibebi kila kitu. Mama alirudi kutoka kwenye mashine baridi na mweupe midomoni, akalala kichwa kimeegemea kioo, nami niliendesha polepole kupita Kisian huku malori ya Busia yakinipigia honi. Watu waliliona gari la namna ile likienda kama gari la maiti, wakashangaa. Kilichomtesa zaidi ni kiu. Mgonjwa wa figo haruhusiwi kunywa anavyotaka. Daktari alimpimia kikombe, na kikombe chenyewe ni pamoja na chai na uji. Aliishi mbele ya ziwa ambalo ukisimama mlangoni huoni ng'ambo, na alikuwa analamba midomo.

Mvua za masika zilipokuja, njia ya kwake ilioza. Jumatatu moja tulikwama hapo chini, karibu na shamba la mihogo. Gurudumu la kulia lilizunguka na kurusha tope hadi kwenye ukuta wa kanisa. Wanaume waliokuwa wakitoka ziwani na nyavu walitusukuma, nikafika hospitalini nimechelewa na matope hadi magotini. Nafasi ya mama kwenye mashine ilikuwa imepewa mtu mwingine. Muuguzi hakuwa na kosa, watu walikuwa wengi na mashine chache. Tukasubiri. Mama alilala kwenye benchi, kichwa kwenye mapaja yangu, mbele ya watu, na safari hii hakujali nani anamtazama. Hilo ndilo lililonitisha.

Tulipomaliza jua lilikuwa linaelekea kuzama. Tulipofika Kisian aliniambia nisimame kando. Nilidhani anataka kutapika. Nikasimama karibu na wauza mahindi ya kuchoma.

"Nyathina," alisema. Mwanangu. "Umechoka."

"Sijachoka, Mama."

"Umechoka. Mimi pia nimechoka. Watu wawili waliochoka hivi, ni nani anamsaidia mwenzake?"

"Ni mvua tu. Njia ikikauka..."

"Njia itakauka, nami nitarudi kwenye ile mashine, na masika mengine yatakuja." Alikuwa ameshika kile kitanzi, ingawa gari lilikuwa limesimama. "Sitaki tena."

Nilisema yote anayosema mtu. Kwamba asikate tamaa, kwamba wajukuu wanamtaka, kwamba Mungu. Alinisikiliza kwa adabu, kama alivyowasikiliza wageni wa kanisa.

"Nimewazika watu wengi," akasema. "Baba yako nilimwosha mwenyewe. Sisemi jambo nisilolijua. Nataka kukaa nyumbani kwangu ninywe maji nishibe."

Mwanamke wa mahindi alikuja dirishani akatuuliza kama tunataka hindi laini au gumu. Mama akamwambia, "La, leo hapana, nyara." Binti yangu. Nikawasha gari.

Daktari aliongea naye peke yake, kisha akaongea na mimi. Alisema ana akili timamu na anaelewa. Alisema inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa zaidi kidogo, kwa sababu figo zake bado zilikuwa na kazi ndogo. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Nilipotoka nje nilihisi mwili wangu umekuwa mwepesi, kisha nikahisi aibu kwa wepesi ule, kisha uchovu ukafunika vyote viwili.

Ndugu yangu hakupokea hivyo.

"Umemwacha aache?" alipiga kelele kwenye simu. "Umekubali?"

"Ameamua mwenyewe."

"Wewe ndiye umechoka, Sista. Ungesema umechoka, ningelipa dereva."

Neno lile liliingia na kukaa, kwa sababu halikuwa uongo mtupu. Nilikuwa nimechoka. Lakini dereva asingejua jinsi ya kumshika chini ya kiwiko ili asiumie mkono wenye mshipa wa mashine, wala kwamba lazima umsubiri aliegemee bawa. Sikumwambia hayo. Nilimwambia, "Njoo."

Akaja. Nilimpokea uwanja wa ndege wa Kisumu na gari lake. Alikuwa amenenepa, amevaa viatu vyeupe. Aliweka begi chini, akalizunguka gari. Alipapasa pale bampa lilipozibwa, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa rangi mbili. Akatazama rimu.

"Umetoa sketi."

"Nguo ya Mama ilinaswa."

Akafungua mlango wa abiria, akakitazama kiti kilichoinuliwa kwa vyuma, akashika kitanzi na kukivuta mara kadhaa kupima nguvu yake. "Nani ameshona hii?"

"Fundi."

Alikivuta tena. Kisha akaniomba funguo, na kwenye matuta ya Kisian alipunguza mwendo kwa mazoea, akingoja kukwangua, na kukwangua hakukuja.

Siku zile mama alikuwa na nafuu ya ajabu, ile ambayo wazee wanaijua na hawaisemi. Alikunywa maji. Alikunywa maji ya mtungi, akanywa chai, akanywa uji wa wimbi, na miguu yake ikavimba, na hakujali. Siku moja baada ya kifungua kinywa akasema anataka kwenda Awasi. Alizaliwa upande ule. Kabla ya kuolewa alikuwa akikaa na bibi yake sokoni Awasi kuuza njugu, na hakuwa amefika huko tangu shangazi yake wa mwisho azikwe.

"Ni mbali, Mama," nikasema.

"Huyu si ana gari la kukimbia?"

Ndugu yangu alikwisha kusimama.

Gari la milango miwili lina kiti cha nyuma kilichotengenezwa kwa ajili ya mikoba. Nilijikunja humo, magoti kidevuni, mkoba wa mama kifuani. Mama alipanda mbele. Tukapita mjini, tukapita Nyamasaria kwangu, na nakumbuka nilitazama lango langu likipita dirishani nikafikiri nguo zangu ziko kambani. Mbele yangu walikuwa wanaongea taratibu, Kijaluo cha mama na Kijaluo cha ndugu yangu kilichochanganyika na Kiingereza. Nilikuwa nikisikiliza wanachosema. Halafu sikusikia tena.

Nilishtuliwa na joto. Gari limesimama, madirisha wazi, viti viwili vya mbele vitupu. Nilijitoa kwa shida, mguu mmoja ganzi, nikajikuta kando ya soko la Awasi, wanawake wakiita wateja na vumbi la barabara ya Kericho likipanda. Nikawaona. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kwenye baraza ya duka moja, chupa ya maji mkononi, pakiti ya njugu mapajani. Ndugu yangu alikuwa amechuchumaa miguuni pake, anamenya.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Ulikuwa unakoroma," mama akasema.

"Tangu Ahero," ndugu yangu akaongeza. "Hata kabla."

Alinieleza kwamba kwenye ile barabara iliyonyooka ya Kano, mashamba ya mpunga kila upande, mama alimwuliza kama gari linaweza kwenda zaidi ya pale. Akaongeza kidogo. Akaambiwa aongeze. Akaongeza mpaka yeye mwenyewe akaogopa, na mama ameshika kitanzi, anacheka kwa sauti, anasema kumbe mimi na ndugu yangu tulikuwa tunamficha mbio za gari lile. Nilimtazama mama. Alikuwa anatafuna njugu kwa meno ya upande mmoja.

"Ni kweli ulicheka?"

"Nilicheka sana," akasema. "Kaa chini, ule njugu."

Miezi yote ile nilimwendesha polepole kama mtu anayebeba mayai, na siku aliyocheka nilikuwa nimelala nyuma yake. Nilikaa chini kwenye saruji. Sikuwa na uchungu. Nilikuwa nimelala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu mashine ilipoanza, na mwili wangu ulikuwa unadai uongezewe.

Alikufa nyumbani, mchana, baada ya uji, ndugu yangu akiwa anamrekebishia mto na mimi nikiwa nje naanika shuka. Tulimzika kando ya baba. Watu walikula, waliimba, walikwenda. Mimi na ndugu yangu tuliosha masufuria. Neno alilonipiga nalo kwenye simu hakulirudia, wala hakuliomba msamaha, nami sikumdai.

Siku ya kuondoka aliendesha mwenyewe hadi uwanja wa ndege. Nilimwuliza kama tuliuze gari, au alitaka lifanywe nini.

"Kaa nalo," akasema. "Lakini tairi la mbele kushoto linaliwa upande mmoja. Mwambie fundi apime magurudumu." Akachukua begi lake. Akanikumbatia kwa mkono mmoja, akaingia ndani.

Nilikwenda Kaloleni moja kwa moja. Ilikuwa Ijumaa, fundi alikuwa ameenda msikitini na ua ulikuwa mtupu. Nikaliegesha chini ya mwarobaini, nikateremsha vioo vyote viwili, nikalaza kiti nyuma. Shule ilikuwa imefungwa. Hakuna mtu aliyekuwa ananingoja Kisian, wala hospitalini, wala popote. Nilivua viatu, nikamngoja fundi amalize kusali.